Pini Iliyokataa Kutoka

Jumanne, mwezi 5 Rajabu
Majembe mawili leo, na shoka moja la mtu wa Mahege. Makaa mabaya, yanatoa moshi tu. Mama Mwajuma ndiye anayevukuta, maana wasaidizi wangu wote wamekimbilia msituni. Mke wangu ana mkono mzuri wa mivukuto kuliko wao wote. Sijamwambia.

Adhuhuri akaja karani wa boma na askari wawili. Nikadhani nimekwisha. Siku hizi kila mkuki unaookotwa vitani wahunzi tunaulizwa sisi. Kumbe wanataka kazi. Ile meli ndogo ya moshi, yenye gurudumu nyuma, imegonga gogo hapa chini ya Ndundu. Pini inayounga mkono wa mashine na gurudumu imevunjika kichwa na haitoki. Kesho nikaitazame.

Sitaki. Nitakwenda.

Jumatano, mwezi 6
Nimeiona. Pini nene kama vidole viwili. Kichwa kimekatika, mwili umebaki ndani ya tundu, umeshikwa na kutu. Mbele yake kuna mabamba mawili ya chuma na nafasi ndogo katikati. Mkono haupiti, nyundo haipiti. Njia ni moja: chuma kirefu kipite katikati ya mabamba, kiiguse pini, mtu agonge kutoka nje.

Fundi wa meli ni Mgoa, mgonjwa wa homa, anatetemeka juani. Akanionyesha vyuma vyake vya kutolea pini. Vizuri sana, lakini virefu shibiri moja tu.

"Fundi, hii yote fupi," akasema. "Wewe tengeneza refu."

Nikapima kwa mkono wangu. Dhiraa moja na shibiri. Sijawahi kutengeneza kitu cha namna hiyo. Nimerudi nyumbani nakifikiria njia nzima.

Ijumaa, mwezi 8
Cha kwanza nilikifua kwa chuma chetu cha majembe. Kilipendeza kukitazama. Pigo la tatu kikapinda katikati, pigo la sita kichwa kikafumuka kama uyoga. Pini haikutikisika.

Karani akasema nikichezea kazi ya serikali nitalazwa chini nipigwe viboko. Nimechelewa swala ya Ijumaa.

Jumamosi, mwezi 9
Karani kaja nyumbani. Leo hana ukali. Kakaa kitako, kanywa maji, kasema mbele ya mke wangu: "Fundi, meli hii inapanda juu, inapita Mkongo. Inakwenda kuwatoa wanawake na watoto kabla vita havijawafika. Kila siku unayochelewa ni juu yako."

Mama Mwajuma aliacha kupepeta. Mwanetu yuko huko. Mwajuma, mtoto wetu wa pekee aliye hai. Mumewe amekunywa yale maji ya dawa, amekwenda kwa wapiganaji milimani, na yeye amebaki peke yake na shamba. Tangu mwezi uliopita hatujapata habari.

Karani alipoondoka mke wangu akasema, "Baba Mwajuma, inuka. Washa moto."

Akavukuta mpaka malengelenge yakapasuka viganjani. Nikaunga tupa mbili kuukuu, pua tupu, chuma kigumu kuliko vyote, nikakipoza kizima majini. Kigumu mno. Tulipokijaribu jioni kikakatika kama muhogo. Kipande kilipita karibu na sikio langu.

Jumatatu, mwezi 11
Mgoa kanipa mtaimbo wa meli. Pua safi. Kanikabidhi kwa mikono miwili, kana kwamba ananipa mtoto.

Sasa naona nilipokosea. Chuma kirefu kikiwa chembamba chote, nguvu ya nyundo inaishia kwenye kuyumba. Lazima kiwe kinene mwili mzima, chembamba mwishoni tu, kiasi cha kuingia tunduni. Na ncha peke yake ndiyo inywe maji. Kichwa kibaki laini, kivumilie nyundo.

Tumefua tangu alfajiri. Mama Mwajuma amejifunga vitambaa viganjani. Anauliza kila mara, "Leo?" Namjibu kesho.

Ncha niliitia majini mara moja, nikaitoa, nikatazama rangi ya joto ikitambaa kuelekea nchani. Manjano. Kisha hudhurungi. Nikaizima hapo hapo. Nilijua kabla sijaijaribu. Kazi bora niliyoifanya maishani mwangu.

Jumanne, mwezi 12
Imetoka.

Niandike ilivyokuwa. Tulikipitisha chuma katikati ya mabamba, Mgoa akakishika kwa koleo. Tulikuwa tumemwaga mafuta tunduni tangu jana. Nikapiga. Mlio ulikuwa tofauti, mzito, na nguvu iliingia yote ndani bila kurudi mkononi. Pigo la kumi, pini ikasogea kiasi cha ukucha.

Nikainua kichwa kufuta jasho. Hapo nikaona askari wanapakia. Hawakupakia mablanketi wala chakula cha wakimbizi. Masanduku ya risasi. Na ile bunduki yao ya bombomu, inayomimina risasi mfululizo, watu wanne wameibeba, imefunikwa turubai, miguu yake inaonekana.

Niliona. Nilielewa. Mgoa hakuona, alikuwa ameinama. Pini ilikuwa imesogea ukucha tu. Ningeweza kusema imegoma. Ningeweza kuupinda mkono kidogo, nikivunje chuma changu, nani angejua?

Nikapiga tena. Naandika kweli, maana hapa hakuna anayenisoma ila Mungu: sikupiga kwa kuogopa viboko. Nilipiga kwa sababu ilikuwa inatoka. Siku saba imenishinda, na sasa ilikuwa inatoka. Ilipodondoka kwenye mbao Mgoa akacheka, akanikumbatia, nami nikacheka.

Nilifurahi.

Nyumbani mke wangu akauliza. Nikasema imetoka. Akasujudu pale pale uani. Habari ya bunduki sikumwambia.

Jumatano, mwezi 13
Wametia pini mpya. Meli imeondoka. Mama Mwajuma alioka mikate ya mchele akamkabidhi karani. "Mwambie Mwajuma mama yake anamngoja." Karani akaipokea mikate bila kututazama.

Mke wangu ametandika kitanda cha chumba cha nyuma. Amefagia mara mbili.

Jumamosi, mwezi 16
Moshi upande wa Mkongo. Si wa meli. Umekaa mbinguni siku nzima.

Mke wangu anasema watu wanachoma mashamba kungoja mvua. Nimesema ndiyo.

Jumanne, mwezi 19
Meli imerudi. Mbuzi, magunia ya mahindi, na wanawake kumi na mmoja wamefungwa kamba moja. Tulisimama ukingoni. Mama Mwajuma aliwatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kisha akaanza upya.

Alikuwapo Bi Hadija, jirani wa mwanetu. Askari alituacha tuseme naye kidogo. Naandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Tulijificha mateteni tulipoisikia meli. Karani akasimama juu, akaita kwa Kiswahili, wanawake msiogope, tumekuja kuwachukua. Mwajuma ndiye aliyetoka kwanza. Alituambia, hiyo meli inatoka kwetu Ndundu, wananijua. Akatoka na mikono juu, na sisi tukamfuata. Kisha mtu mmoja wa kwetu akapiga gobori kutoka vichakani. Basi. Ile bunduki ikaanza, haikuchagua."

Mke wangu akauliza kama mwanetu amezikwa. Bi Hadija akasema wazee wawili walibaki, walimzika mpakani mwa shamba lake. Kisha wakavutwa na ile kamba, wakaenda.

Mama Mwajuma hakulia pale. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Alhamisi, mwezi 21
Amekwenda kwa kaka zake Mahege. Hakuniaga.

Watu wamekuja kunipa pole. Wananiambia, fundi, hukujua. Nawaitikia. Kila anayesema hivyo namchukia kidogo, kisha najichukia mimi.

Mgoa naye alikuja, anaunguzwa na homa, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nikampa kiti. Tulikaa mpaka alasiri.

Jumanne, mwezi 26
Sili.

Ijumaa, mwezi 6 Shaabani
Njia ya juu imefunguliwa. Karani ameniita tena, kuna kazi kwenye mashine ya pamba. Nimesema mkono wangu unauma. Hauumi.

Baada ya swala nilimkuta Mama Mwajuma uani, amefunga mzigo wake. Amekonda. "Nakwenda kumwona mwanangu," akasema. "Ukitaka, njoo."

Jumatatu, mwezi 9
Tumefika jana. Kijiji ni majivu na nguzo. Mzee mmoja alitupeleka. Kaburi lake ni dogo, limewekwa vijiti pande mbili. Tukasoma tulichoweza kusoma. Nilipokwama akamalizia yeye.

Mahindi ya mlau, yale yanayopandwa mto ukipungua, yote yamechukuliwa. Kunde hawakuzigusa. Zimekauka, zinapasuka zenyewe kwenye maganda. Mke wangu alifunga kanga kiunoni akaanza kuchuma, nami nikashika mstari wa pili. Tulichuma mpaka jua likawa kali.

Kisha nikamwambia. Masanduku, bunduki, pini iliyosogea ukucha, kicheko changu. Yote.

Hakuacha kuchuma. Alifika mwisho wa mstari, akageuka, akarudi upande wangu. Akasema, "Na mimi nilivukuta, Baba Mwajuma."

Nikasema wewe hukujua.

"Nilimwona karani uso wake, alipopokea ile mikate," akasema. "Nikaenda nikatandika kitanda."

Tumejaza vikapu viwili. Kimoja tumempa yule mzee. Kesho tutamaliza upande wa mtoni.