Mama, Mzee Kipyego na oili iliyozidi

Jerop, bado tuko kwa sherehe ya Mama hapa Yamumbi na siamini. Fundi wa zamani, Mzee Kipyego, amechukua maikrofoni akasema eti yeye ndiye alimfundisha Mama mambo ya pikipiki.

Yeye. Kipyego.

Mama hata hakungoja amalize. "Waambie ya themanini na nne."

Mwaka huo Mama alikuwa anachanja ng'ombe huko Moiben, mwanamke pekee mwenye pikipiki ya serikali. Kipyego akapima oili pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni. Ikiinama hivyo, oili inaonekana ni kidogo. Akaongeza. Mama akaisimamisha wima, akapima mwenyewe, akakuta imepita alama ya juu, na oili ikizidi inaharibu injini.

Unajua alijibiwa nini? "Imezidi kidogo tu. Nyinyi wanawake mnaogopa kila kitu." Mbele ya wazee waliokuja baraza ya chifu, na wote wakacheka.

Imezidi kidogo tu.

Mama hakubishana. Alitoa sindano mpya ya ng'ombe, ile kubwa, akaichomekea mrija mwembamba wa mpira, akaanza kufyonza oili kupitia pale inapojazwa. Anafyonza, anapima, anafyonza tena, mpaka ikarudi kwa ile alama. Ile ya ziada akaitia kwa chupa, akamwekea Kipyego mkononi. "Shika. Ni kidogo tu." Akapiga kiki, akaenda kwa ng'ombe zake.

Sasa Mzee bado ameshika maikrofoni, watu wote wamemgeukia. Mama amekunja mikono.

"Endelea, Kipyego. Ulinifundisha nini?"