Mlango Wenye Msalaba Mwekundu

Uvira, Jumanne jioni

Ningejua, ningekwangua ile rangi mapema.

Leo ajenti wa mazingira amepita mtaani kwetu kuandika nyumba zilizo karibu mno na ziwa. Ukipigwa msalaba mwekundu, unapewa karatasi ya kutafutiwa kiwanja kwingine.

Kwangu amekuta msalaba tayari uko mlangoni.

"Mama, weye walishakuonya zamani. Ulikataa sheria."

"Minye nilihama," nikamwambia. "Huu mlango ni ya nyumba yangu ya kwanza, ile walipiga msalaba, kisha ziwa ikaimeza. Niliibeba ku kichwa mpaka hapa."

Hakuinua hata macho. Akaandika "alikataa", akaenda kwa jirani.

Karatasi sikupata. Mlango ndio kitu pekee nilichookoa nilipohama, na sasa ndio ushahidi wao kwamba sikuhama.