Nafasi Iliyo Kando Yako

Eldoret,
Jumapili, baada ya mvua

Baba Kibet,

Wamekuja tena kuniambia habari za bahari. Safari hii ni daktari, kijana wa ndevu zilizonyolewa kwa rula, ambaye nina hakika angeanguka mtihani wangu wa Jiografia. Alinishika mkono kana kwamba mimi ni yai, akasema, "Mama, huku juu hewa ni nyembamba kwa mapafu yako. Shuka Pwani." Mimi! Nimewafundisha watoto wa mji huu hadi nikastaafu kwamba kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua. Nimeuchora huo mlima ubaoni mpaka vumbi la chaki likafanya makao kifuani mwangu, na leo mtoto ananisomesha somo langu mwenyewe.

Nina jambo la kukiri kwako, na sina pumzi ya kulizunguka sana. Lakini kwanza acha niwacheke watu kidogo, kama tulivyozoea. Tangu uondoke sijapata mtu wa kuwacheka watu naye. Kibet wetu ana huruma nyingi mno, na akina mama wa kanisa wakisikia neno kali wanainamisha vichwa na kuanza kuniombea.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiketi hapa barazani, wewe na vumbi la ghala la mahindi la Moi's Bridge bado kwenye nyusi, mimi na madaftari ya kusahihisha, tukiwasema wote waliostaafu wakaenda Pwani? "Wameenda kujianika kama omena," ulisema siku ile meneja wa benki alipokuja kuaga, hata kabla gari lake halijatoka langoni, na chai ikakutoka puani. Kila aliyeaga ulimpa sweta kuukuu, ukamwambia kwa sauti ya mazishi, "Ishike tu, bwana. Ukirudi utaihitaji." Wamerudi, Baba Kibet. Wamerudi mmoja mmoja, na hakuna aliyehitaji sweta.

Sasa nimeenda kuwaona waliobaki. Stima ilipotea siku nzima, ile mashine yangu ya oksijeni ikanyamaza pembeni kama mgeni aliyekasirika, na Kibet akanipakia garini nikiwa na midomo ya bluu hadi hospitali. Jelagat alipopata habari alitoka Mombasa siku iyo hiyo. Binti yako hajui kuomba, anajua kuamuru. "Mum, wiki mbili tu kwangu Mtwapa. Ukichukia nitakurudisha mwenyewe." Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba nitachukia.

Na nilichukia, usiwe na wasiwasi. Jirani na Jelagat kuna mtaa wenye ukuta mrefu na mlinzi langoni, na ndani yake wamo watu wa kwetu watupu. Juu ya milango wameandika majina ya vilima vya huku, vile vile walivyovikimbia. Wanaume niliowajua kwa suti na tai wanatembea na kaptura, wakionyesha umma miguu iliyokuwa haijaona jua tangu walipovua sare ya shule ya msingi. Unga wanaletewa kwa basi kutoka Moi's Bridge, eti ule wa Mombasa haushikani. Mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, husafiri nao katika chupa za soda, na ukifika umeshapandwa na hasira, ukifunguliwa unaruka hadi kwenye dari. Wanapanda sukuma wiki katika magunia, upepo wa chumvi unaichoma, wanapanda tena. Na kila jioni taarifa ya habari ikiisha, simu zinaanza nyumba kwa nyumba, wote wakipiga kelele kana kwamba Uasin Gishu iko ng'ambo ya bahari: "Kumenyesha? Imenyesha aje? Imefika Cheptiret ama imeishia huko juu?" Watu waliofuata jua, na kutwa wanaulizia mvua.

Bahari yenyewe hawaiingii. Wanaikalia mbali na kuitazama vile mtu anavyotazama gari jipya la jirani.

Mkubwa wao ni Barasa. Unamkumbuka Barasa, mkaguzi wa shule, aliyekuwa akiingia darasani mwangu bila hodi na kuketi nyuma akiwa amenuna. Amenenepa na amekuwa mcheshi, jambo ambalo sikumsamehe. Alinijia siku ya pili na nanasi mkononi. Sijamaliza kumkaribisha, akaniuliza, "Mwalimu, kabla hatujafika mbali. Ukifa unapelekwa wapi?"

Nilidhani joto limemharibu. Kumbe wana chama. Wastaafu wote wa mtaa ule wamo, na kazi yake ni moja tu: mwanachama akifariki, mwili wake upandishwe huku haraka, kwa heshima zote. Hukutana baada ya kanisa, wanakula pilau huku wakiisengenya, halafu wanazungumzia magari ya maiti kwa mapenzi ambayo sijawahi kuwasikia wakiyatumia kwa wake zao. Barasa aliniambia, "Hapa hatuchezi, Mwalimu. Gari lina barafu, dereva hanywi, barabara anaijua akiwa amefumba macho." Nikamwambia afadhali ayafumbue. Hakucheka. Alinisogelea akashusha sauti: "Huwezi kuzikwa huku. Huu ni mchanga tu. Mchanga haushiki mtu."

Haushiki mtu! Kana kwamba aliyezikwa ana mpango wa kutoroka.

Uliwahi kuona ujinga kama huo? Wamefunga nyumba, wameuza ng'ombe, wameacha wajukuu, wameteremka nchi nzima ili waishi zaidi, na kitu cha kwanza wanachojiunga nacho ni chama cha kurudishwa wakiwa wafu. Hawako huku, hawako kule. Wanaishi kwenye kituo cha basi na kupaita nyumbani. Nilijua ungekufa kwa kicheko ungekuwepo, na nikaanza kuyapanga maneno ya kuja kukuambia hapa kaburini.

Sasa nafika pale nilipokuwa nakwepa.

Usiku wa kwanza kule nililala. Wewe hukuuona ugonjwa huu ulivyonikalia baadaye, kwa hiyo nikueleze: tangu mwaka jana silali, naketi kitandani nimeegemea mito kama malkia aliyepinduliwa, nikihesabu pumzi. Mtwapa niliteleza kwenye mito, nikalala chali, bila mashine, na hakuna kilichonikaba. Asubuhi nilipanda ngazi za Jelagat mpaka juu kwenye kamba za nguo, na kufika kule niligundua kwamba nilikuwa nikiimba. Nikakasirika sana. Nilishuka na kumwambia binti yako kwamba kitanda chake kina mabonde.

Hilo la mapafu ni la daktari, lingetosha kumwambia yeyote. La kwako ni hili. Asubuhi ile nilikunywa chai, nikala muhogo na pilipili, nikamkaripia kunguru, nikanywa chai ya pili, ndipo nikakukumbuka. Tangu ufe sijawahi kufungua macho bila wewe kuwa wa kwanza. Na sikuona haya, Baba Kibet. Niliona wepesi. Nilikaa pale roshani nikautafuta uchungu kama mtu anavyotafuta miwani, nikauona, lakini haukuwa umenikalia.

Niliporudi huku niliwadanganya wote. Nilisema joto lilinitesa na watu ni wapuuzi. La pili ni kweli.

Kibet alifurahi mno. Lazima nikueleze alichofanya mwanao kwa ajili ya furaha hiyo. Unajua alivyolijenga kaburi lako kwa vigae vyeupe, kama bafu la hoteli. Nilipokuwa Mtwapa aliwaleta mafundi wakaongeza la pili, ubavuni mwako, zege tupu kwa sasa, lenye ukingo na mfuniko wa mabati usiingie maji. Linaonekana vizuri kutoka dirishani jikoni. Nikisuuza vikombe naliona. Nikimenya viazi naliona. Kuku wamelipenda, wanaota jua juu ya mabati. "Mama, nafasi yako iko tayari," aliniambia, anang'aa, kana kwamba ni kabati nililoagiza. Nilimshukuru. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mtoto mwema akikufanyia jambo la kutisha, unamshukuru.

Wiki iliyopita nilienda mjini kwa Mzee Noor kununua blanketi jingine. Bado yuko dukani kwake, bado amevaa makoti mawili na kofia ya sufu, bado anadai ameuza kwa hasara. Nilimsimulia habari za chama cha Barasa ili tucheke. Alicheka hadi akakaa juu ya marobota. "Mama Kibet, nyinyi watu wa huku mnapenda kusafiri mkishakufa! Mtu mzima hajawahi kufika hata Nakuru, akifa anapewa msafara." Akaniambia babake yuko Garissa, mamake Isiolo, nduguye mkubwa yuko hapa hapa Eldoret, kila mmoja alizikwa siku aliyokufa, mahali alipokufa, na hakuna aliyelalamika. Nikamuuliza, "Na huoni vibaya kwamba wamelala mbalimbali?" Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la darasa la kwanza. "Mama, walikuwa pamoja wakiwa hai. Sasa wanataka kuongea nini?"

Kisha akaniuzia blanketi kwa bei ya wizi. Nililibeba hadi nyumbani nikiwa na hasira naye, nikaliweka kitini, nikalitazama. Blanketi la nne. Nilikuwa najinunulia vitambaa vya kufia.

Nimeamua, na nimemwambia Kibet leo tuliporudi nyumbani kutoka kanisani. Naenda kwa Jelagat Ijumaa, na siendi kutembea. Na chama cha Barasa sijiungi. Nikifia kule, nizikwe kule kule, katika mchanga usioshika mtu. Ama unaishi mahali ama huishi. Siwezi kuwadharau wale wazee namna hii halafu niwe mmoja wao, nikikaa mlangoni na mwili mmoja Mtwapa na mwingine umewekewa nafasi huku.

Kibet aliuliza lile swali la hapa kwetu: "Watu watasema nini?" Watu! Wale wale waliokula ng'ombe wako watatu kwenye matanga na kuuliza kama kuna mwingine. Wale wa kamati ya mazishi waliogombania kipaza sauti hadi mvua ikakunyeshea. Nikamwambia watu watasema Mama Kibet amepata wazimu wa joto, watasema hivyo mpaka msimu wa kupanda, halafu bei ya mbolea itapanda wamsahau. Akainuka, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona akiwafukuza kuku juu ya mabati, kisha akasimama pale na mikono mfukoni, mwanamume mwenye malori mawili, analia. Alirudi na neno moja tu: "Na Baba utamwacha na nani?"

Hapo sikuwa na dharau ya kumpa. Nilimwambia nitakuuliza. Ndiyo maana naandika, na nikimaliza nitamsomea.

Kwa hiyo nisikilize. Sikuachi kwa mtu, kwa sababu hapo ulipo huhitaji mtu. Uliponihitaji nilikuwepo. Nimelala kando yako ukinibandika miguu yako ya baridi, dirisha wazi mwezi wa saba kwa kuwa eti hewa iliyofungwa ni ya wagonjwa. Nimelala kando yako ukikoroma, ukikohoa, ukinisimulia lori la nani limekwama wapi. Na yale majuma ya mwisho nililala kando yako nikiwa macho, mkono wangu juu ya kifua chako, nikikisikia kinavyopunguza pumzi. Huko ndiko kulala kando yako nilikokujua. Hili la zege ni la Kibet.

Nilidhani ningeomba radhi. Nimeitafuta radhi yenyewe tangu asubuhi sijaiona. Ninachokiona ni kwamba nimebakiza pumzi chache, na nazitaka zote. Nazitaka kwa uroho, kama wale wa kamati walivyotaka nyama.

Naahidi mambo matatu. La kwanza, sitavaa kaptura. La pili, nitaendelea kuwacheka Barasa na wenzake kila siku ya Mungu, kwa niaba yetu sote wawili, nikiwa nimekaa kati yao na pilau yao mdomoni. La tatu, nitaingia baharini hadi magotini, ili angalau mmoja wetu wa huku awe ameingia. Na asubuhi nikikusahau mpaka chai ya pili, usiwe na kinyongo. Jua tu kwamba nimelala vizuri.

Mwambie Kibet, kama unayo njia, apande chochote pale kando yako. Viazi, maua, sijali. Asiache pakae wazi.

Kwaheri, mume wangu. Usinisubiri.

Mama Kibet