Mkwe Kaniletea Pikipiki Isiyopita Kati ya Miti

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uvumilie urefu wa barua hii, maana nimekaa na hasira wiki tano sasa bila kuisema kwa mdomo, kwa kuwa walionifanyia haya ni watu ninaowapenda, na mmoja wao ni mkwe, na mkwe humkaripii kama unavyomkaripia uliyemzaa.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane. Kazi yangu ni kukusanya mbegu za miti ya asili kwa ajili ya kitalu kimoja pembezoni mwa mji, na nimeifanya miaka ishirini na sita katika msitu ambao si wa kwetu lakini naujua kuliko wenyeji wengi, maana kwetu niliondoka ghafla nikiwa na mke na mtoto wa miezi saba mgongoni, nikaacha shule niliyokuwa nikifundisha na mlima mzima wa miti niliyoifahamu mmoja mmoja, na nilipofika huku nikakuta baadhi ya miti ile ile ikiitwa kwa majina mengine, na nadhani hilo ndilo lililonizuia nisiharibikiwe akili.

Katika daftari langu nina miti mama mia moja na arobaini na miwili. Mti mama ni ule ulionyooka na wenye afya, ambao mbegu zake zinafaa kupandwa. Hii yetu iko ndani sana, kwenye vijia vya wachanja kuni ambavyo mahali pengine upana wake ni wa mtu mmoja na mzigo wake, vinapinda ghafla kati ya vigogo, vinashuka kwenye mizizi, vinapanda tena, na baadhi ya mbegu zikishaanguka hufa ndani ya siku nne, kwa hiyo kwa miguu utachelewa na kwa gari hufiki. Inayofaa ni pikipiki, tena pikipiki yenye namba, taa na vioo, kwa sababu kutoka kwangu hadi msitu unapoanza ni kilomita kumi na moja za lami na kuna kizuizi cha polisi katikati.

Pikipiki ya namna hiyo nilikuwa nayo. Ilikuwa nyembamba, tumbo lake liko juu, haligusi mawe, tairi zina meno, injini ndogo isiyo na makuu, na ikikwama kati ya vigogo viwili nilishuka, nikashika kiti kwa nyuma nikaigeuza kama mtu anayesogeza stuli jikoni. Mke wangu aliiita Panzi. Kadi yake iliandikwa jina la binti yangu, yule wa mgongoni, aliyekuwa ameshapata uraia kwa kuolewa huku, kwa sababu tulipoinunua karatasi zangu zilikuwa bado za mgeni na hazikuniruhusu kumiliki hata baiskeli, na nilipopata uraia, miaka kumi na mmoja iliyopita, sikuona haja ya kubadilisha jina. Ni jina la mtoto wangu, nilisema, tofauti iko wapi?

Tofauti niliiona mwaka huu. Nilimpeleka mke wangu kutibiwa macho mji mwingine, tukakaa siku sita, na niliporudi Panzi hayupo. Binti yangu na mumewe wamemuuza kwa muuza maziwa, na pale alipokuwa akisimama limesimama dude jekundu, refu, lina masanduku mawili ya bati ubavuni na kioo cha upepo mbele, na majirani wameshaitwa.

Mkwe wangu anaendesha greda. Ni mtu mwema, mrefu kama mlango, na kazi yake ni kupita mahali na kupaacha papana. Kwake yeye chombo kizuri ni kizito, kinachokaa barabarani bila kuyumba, na hilo dude alilijaribu, alinieleza kwa fahari, kwenye barabara aliyoichonga mwenyewe. Binti yangu naye akasema mbele ya watu kwamba mtu wa heshima yangu hafai kuonekana tena juu ya kile kidude, na kwamba sasa nikipita watanipisha.

Hapa ndipo ninapoona aibu, mshauri. Nilitoa hotuba. Nilisimama mbele ya majirani nikashukuru, nikasema hii ndiyo niliyokuwa nikiiota, nikampa mkwe mkono kwa mikono yote miwili. Mke wangu alinitazama kwa macho yake mapya, akaingia ndani.

Nikikaa juu ya dude lile, vidole vya mguu mmoja ndivyo vinavyogusa ardhi, na mguu wa pili unaning'inia kama wa mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Siku ya kwanza masanduku yalikwama kati ya miti miwili, nikayafungua na kuyaficha kichakani. Siku ya pili usukani, mpana kama pembe za fahali, ulinasa tawi na kunitupa. Siku ya tatu kwenye kona ya mteremko ilinibidi niweke mguu chini, chini kukawa mbali, na pikipiki ikanilalia kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, bomba la moshi likanibabua shavu la mguu, kifundo kikateguka, na sikuweza kuiinua hata kwa upana wa kiganja. Mwanamke mmoja mchanja kuni alinikuta, akatua mzigo, akatuangalia sote wawili pale chini, akasema, "Mzee, mwenzio ni mzito huyo. Ungetafuta wa saizi yako." Akamwita dada yake aliyekuwa nyuma, wakainyanyua kwa gogo. Niliumia, lakini nilicheka, maana huyu asiyenijua alielewa kwa kutupa jicho moja yale ambayo watu wangu hawajayaelewa hadi leo.

Nyumbani likaitishwa baraza. Binti yangu akalia, akasema, "Baba, mwili umeshasema. Nasi tunakuomba uusikilize." Mkwe akatazama chini, akachukua funguo kwa adabu zote, akaziweka mfukoni. Nami nilisema nini? Nilisema niliteleza kwenye majani mabichi. Sikuweza kumvunjia mkwe heshima kwa kuiponda zawadi yake.

Sasa angalia nilipo. Wameuza chombo nilichokiweza, wakaniletea nisichokiweza, na kiliponiangusha wakahukumu umri wangu. Dude halikuulizwa hata swali moja. Mama msimamizi wa kitalu, ambaye nilimfundisha kutofautisha mbegu hai na mbegu bovu, amekuja kunipa pole na kuniomba daftari akalitolee nakala, eti kwa tahadhari tu. Na baada ya wiki saba mti wangu mkubwa kuliko yote, ambao huzaa kila baada ya miaka minne au mitano, utaanza kudondosha, nami nisipokuwepo siku hizo nne atatafutwa mwingine, na kazi yangu itakuwa imekwisha. Msitu wa kwanza niliuacha kwa siku moja kwa sababu ya watu wenye silaha. Huu wa pili nauachishwa na watoto wangu, kwa upole, na chai mezani, na hilo ndilo linalonichoma.

Fundi wangu ameniambia zipo pikipiki tatu za kuuzwa. Moja ni ya mashindano ya porini, nyepesi ajabu, lakini haina namba wala taa wala vioo. Ya pili ni ya kawaida kama za abiria, fupi, imara, vipuri vyake kila duka. Ya tatu ni ya lami na porini, injini ya cc mia mbili, imetumika, ina namba na kila kitu, lakini si nyepesi kama ile ya kwanza. Moyo wangu uko kwa ya kwanza. Mguu umepona kiasi cha kutembea, na nimepanga kuinunua bila kumwambia mtu, niilaze kwa fundi, niwe napita kizuizini alfajiri kabla polisi hawajaamka. Je, nifanye hivyo? Na kama sivyo, nichague ipi, na nitamwambiaje mkwe?

Mkusanya Mbegu

*

Mzee wangu,

Kiumri mimi ni mwanao, lakini umeniandikia kama mshauri, basi kaa vizuri.

Una haki ya kukasirika. Kuuza chombo cha kazi cha mtu aliyempeleka mkewe hospitali si jambo la kufunikwa kwa makofi ya majirani. Binti yako amekosa, na amekosa zaidi kwa sababu alitumia jina lililowekwa kwenye kadi kwa sababu ya shida zako, si kwa kuwa pikipiki ni mali yake. Mwambie hivyo hivyo, bila kupunguza. Hatavunjika. Ni mtu mzima, na mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile anaweza kubeba neno moja zito la baba yake.

Lakini wewe nawe, mzee, umenikasirisha. Umewadanganya mara mbili. Ulisema unaiota pikipiki usiyofikia ardhi ukiipanda, kisha ukasema umeteleza ilhali umelaliwa. Sasa unawalaumu kwa kuamini maneno yako. Mwendesha greda angejuaje upana wa kijia ambacho hajawahi kukikanyaga? Ulimficha ukweli ukauita heshima. Heshima ya namna hiyo ilikulaza chini ya chuma kwa saa sita, na kama wale dada wawili wangepita njia nyingine, mkwe wako angeishi maisha yake yote akijua zawadi yake ilikuua. Hiyo ndiyo adabu uliyotaka kumfanyia?

Tuje kwenye pikipiki. Ile ya mashindano iache. Nyepesi ndiyo, tamu ndiyo, lakini haikutengenezwa kupita barabarani, na kilomita kumi na moja za lami huwezi kuziruka. Siku polisi watakapokushusha, mbegu zitafia kizuizini, na binti yako atapata ushahidi alioukosa. Tena mtu aliyengoja miaka mingi apate karatasi zake hafai kuanza kujificha tena kwa hiari.

Ile ya abiria ni nzuri kwa kubeba watu. Tumbo lake liko chini mno, kila mzizi utaligonga, na tairi zake kwenye tope ni sabuni.

Chukua ya tatu, ila usiichukue kwa maneno ya fundi. Panda ukiwa na viatu vyako vya kazi. Nyayo zote mbili zishike ardhi, angalau nusu ya mbele. Kiti kikiwa juu mno fundi akipunguze, na ashushe shokomzoba kidogo, si sana. Kata ufito wenye urefu sawa na upana wa pengo jembamba kuliko yote kati ya miti unayopita, uupime na usukani. Usukani ukizidi, ukatwe ncha. Vioo viwe vya kukunja, maana porini utavikunja na kizuizini utavikunjua. Gia ya mnyororo kwenye gurudumu la nyuma ibadilishwe, iwekwe yenye meno mengi zaidi, ili iweze kutambaa kwenye kona bila kuzimika. Mwendo wa lami utapungua, na wewe huna haraka ya lami. Tairi za meno, bati la kukinga injini chini, vikinga mikono. Masanduku usiyatazame hata. Mbegu zibebe mgongoni. Na kadi, mzee, iandikwe jina lako. Lako. Kabla funguo hazijakugusa mkono.

Lipo na la kukuonya. Miaka sitini na minane si hadithi waliyoitunga wao. Kila ukitoka, mwachie mkeo karatasi yenye njia unayopita, mti unaoufuata na saa ya kurudi. Hukumuuliza kitu katika jambo hili lote, wakati ni yeye peke yake aliyejua unadanganya siku ya hotuba. Muulize. Na mama wa kitalu mpe hiyo nakala ya daftari. Miti mia na zaidi iliyo kichwani mwa mtu mmoja tu ni ubinafsi, hata kama mtu mwenyewe ni mpole.

Kisha lipo jaribio moja ambalo hakuna anayeweza kukufanyia. Waite binti na mkwe uwanjani kwa fundi. Ilaze pikipiki ubavu ikiwa imezimwa, pumua, uiinue peke yako. Ilaze tena upande wa pili. Ilaze mara ya tatu ukiwa umeshachoka, kwa sababu porini huanguki ukiwa na nguvu. Mtu asikuguse. Ukiiinua mara zote tatu, hakuna baraza tena. Ukishindwa, utasema mwenyewe kwamba umeshindwa, na siku iliyobaki utaitumia kumtafuta mtu wa kumfundisha kazi, ukiwa wewe ndiye mwalimu, si mgonjwa.

Ila hayo yote yatangoja. La kwanza, mpigie mkwe wako simu leo. Usimtume mkeo, usipitie kwa binti. Mwambie kwamba pikipiki yake ilikulalia, kwamba ulinyamaza kwa kumpenda, na kwamba Jumamosi mtakwenda msituni kwa miguu, wawili tu, polepole. Mwambie avae viatu vizuri. Mkifika kwenye kijia chembamba kuliko vyote, yeye atangulie.

Mshauri wako