Neno Alilomtafutia Mama

Pigeon Fork, Kentucky
9 Machi

Mdogo wangu Maybeth,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba baridi ya huko Alaska imeanza kulegea. Mimi ni mzima wa mwili tu. Baba anakula kwa kulazimishwa: maharage na mkate wa mahindi, vijiko viwili vitatu, kisha anaisukuma sahani.

Asante kwa maua. Yalifika asubuhi ya maziko, tukayaweka miguuni pa Mama. Nilikuambia kwa simu kwamba Baba alisimama kanisani kumuaga Mama, machozi yakamzidi, akaketi kabla hajamaliza. Mdogo wangu, haikuwa hivyo.

Unajua Baba alitoka mgodini ana miaka arobaini, hajui hata kuandika jina lake, na Mama ndiye aliyemfundisha herufi pale mezani jikoni. Basi wiki ile ya msiba alishinda na kamusi, akitafuta neno la kumtosha Mama. Mchungaji Combs alijitolea kumwandikia hotuba. Baba alikataa, akasema mwanamke aliyempa herufi hawezi kuagwa kwa maneno ya kuazima.

Neno alilolipata ni la Kiingereza, “epitome”, maana yake ni kielelezo chenyewe cha kitu. Alilijua kwa macho, hakuwahi kulisikia, akadhani ile e ya mwisho haitamkwi. Alisimama na suti yake ya kahawia, karatasi mkononi, akasema Mama alikuwa “epitom” ya wema. Nyuma yangu binamu Wendell akacheka puani. Nami, pamoja na shahada yangu, nikaona haya. Sikumwonea haya Baba. Nilijionea haya mwenyewe, nisije nikaonekana binti wa mtu wa namna ile. Nikasema kutoka benchi la mbele, kanisa zima likisikia, “Ni epitomi, Baba.”

Alinitazama. Akaitazama tena karatasi, kurasa mbili nzima zilizobaki, kama mtu asiyeiamini hata herufi moja. Akaikunja, akaketi. Hakudondosha chozi. Yale machozi niliyazua mimi.

Tangu hapo ameiacha zamu yake ya kusoma Biblia kanisani. Barua zikija ananisogezea, anasema, “Soma wewe, msomi.” Hana hasira, afadhali angekuwa nayo. Nimemwomba radhi mara mbili, akanijibu kwamba sikukosa lolote, neno nililitamka sawa.

Jana nilimkuta kwenye banda la kuku, amenipa mgongo, analirudia lile neno taratibu, silabi kwa silabi. Aliponiona akauliza, “Sasa ni sawa?” Nikamwambia ni sawa kabisa. Akaitikia kwa kichwa.

“Basi mama yako kazikwa na lile bovu,” akasema, akaendelea kuwamwagia kuku mahindi.

Ndipo nikaamua kukuandikia ukweli. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Ukishindwa kunijibu, nitaelewa.

Dada yako,
Lorna