Bi Nyaya na Makofi Tuliyoyakosea

Mwaka umezunguka, binti yetu, tangu maradhi yale mafupi yalipokuchukua, na meza yako ya dirishani bado ina kitambaa ulichokitoboa matundu ya moto ukilehemu. Mama yako amekataa kukibadilisha. Anasema kitambaa kizima kitamfanya aone kana kwamba hukuwahi kukaa pale.

Tulikuita Bi Nyaya kwa sababu hakuna kiti ulichokikalia bila kuacha kipande cha waya. Ulikuwa unasomea shahada ya uzamili ya saketi. Si umeme wa kompyuta, ule wa kuhesabu sifuri na moja, bali ule unaopanda na kushuka taratibu kama sauti ya mtu. Jirani akikuletea pasi iliyokufa hukumwambia kwamba hukusomea pasi. Uliibeba mwenyewe hadi kwa fundi wa kona, ukairudisha jioni: "Imepona, mama." Sifa ulimwachia fundi. Baba yako ndiye aliyemnyang'anya akakuletea wewe.

Baba yako, mstaafu aliyejifunza redio kwa kuzibomoa, unamjua. Ndiye aliyewaapia watu kwamba redio aliyoitengeneza iliwahi kusoma habari za kesho yake. Basi ulipounda amplifaya ya kukuza ishara ndogo ya moyo mpaka isikike chumba kizima, mtaa uliambiwa kwamba binti yake huongea na mioyo, na mioyo humjibu.

Siku ya kuionyesha mbele ya jopo la walimu ulitualika. Tulijaa safu nzima ya maabara, tumevaa kama waenda harusini. Mwenzako wa darasa akalala juu ya meza, ukambandika nyaya kifuani, ukawasha. Amplifaya ikapiga mluzi mwembamba, mrefu, wa kupasua masikio.

Baba yako akaruka. "Huo huo! Huo ndio moyo wa kijana!"

Shangazi yako akapiga vigelegele, kaka yako akapiga makofi, na sisi wengine tukafuata. Walimu wakageuka kututazama. Nawe ukasema kwa sauti ndogo, "Baba, kaeni. Imekosea."

Hakuna anayejua ukoo huchukua muda gani kukaa kitako, mpaka siku ukoo wake uaibike.

Nyumbani mama yako alikuuliza imekosea nini.

"Inajisikiliza yenyewe, mama. Sauti inayotoka inarudi mlangoni ilikoingilia, inakuzwa tena, inatoka, inarudi tena. Mwisho inapiga kelele na hakuna aliyesema kitu."

"Aa," mama yako akasema, "kama baba yenu."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Baba yako naye alicheka, lakini uso ulimwaka moto, maana kabla ya kuvuka kizingiti alikuwa ameshamsimulia muuza duka kwamba walimu walifuta machozi kwa utamu wa ule mluzi. Kulipokucha majirani wakaja kukupongeza. Ulikaa nao, umeinamia kikombe chako, ukiitikia "Asanteni, asanteni" kwa kitu kilichokushinda, ili tu baba yako asionekane mwongo. Siku hiyo hakuthubutu kukutazama usoni.

Jopo lilikupa nafasi moja zaidi. Mluzi ukitoka tena, shahada imekwenda. Ulifumua kazi yote, ukazitenga nyaya za kuingia mbali na za kutoka, ukaanza upya. Chakula ulikila umesimama. Kisha ukatualika tena.

"Tusije tukakuaibisha, mwanangu," baba yako alisema.

"Njooni bwana. Sasa nikamwalike nani?"

Njiani tuliapizana: hakuna kufungua mdomo, hakuna kofi. Shangazi yako alijiziba kwa mtandio kabla hata ya kuketi. Baba yako alikalia mikono yake.

Ukawasha. Chumba kikatulia. Halafu ukaja mdundo, du-dum, du-dum, safi, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Mwalimu mzee akavua miwani, akaanza kupiga makofi, na jopo zima likamfuata. Ukageuka kututazama.

Tulikuwa tumekaa kama picha ya ukutani. Hatukujua kama yale makofi yalikuwa ya ushindi au ya kukupoza moyo, na tuliogopa kukosea mara ya pili. Ulitungoja. Ukatungoja kidogo tena. Kisha ukainama, ukaanza kukusanya nyaya zako.

Mlangoni ulimshika baba yako mkono. "Baba, leo ndiyo ilikuwa yenyewe."

Mzee alijiambia moyoni kwamba siku ya joho la mahafali angelipa yote, angepiga kelele hadi bati litoke. Hukuifikia siku ya joho.

Sasa watu wakimkuta kibarazani humwomba awasimulie ile mashine ya moyo. Naye huwaambia: "Ilifanya kazi. Walimu walishangilia. Sisi tulinyamaza." Watu hukaa wakimngojea aongeze chumvi kidogo, kama walivyomzoea. Haongezi.

Tunaokukumbuka ni baba yako, mama yako, kaka yako, shangazi yako na mdogo wako uliyemfundisha kulehemu. Hatutakusahau, Bi Nyaya, maadamu tuna pumzi.