Fyuzi Uliyoing'oa

Kwako kaka mkubwa,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea kwa adabu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo usiuulize.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nije nikufungie upya umeme wa gari, safari hii "vizuri", maana spika zako mpya za sherehe zinakula umeme na taa zinafifia kila besi ikipiga. Nilikuwa nimeshika spana nilipousoma, ikabidi niiweke chini.

Nikukumbushe basi nilichokifunga. Mama haendi hospitali bila mashine yake ya kupumulia, nayo inataka umeme mwingi safari nzima. Nikatoa alteneta ndogo, ile inayozalisha umeme wa gari, nikaweka kubwa, nikafunga betri ya pili nyuma ya kiti chake, nikavuta waya mnene kama kidole, na pale penye betri nikaweka fyuzi ya kukata umeme ukizidi. Nilikwambia mbele ya wifi kwamba njia hiyo ni ya mama peke yake, na fyuzi ikikatika unipigie simu, usiiguse. Ukacheka, ukasema mafundi wote tunajifanya madaktari.

Ukaunganisha spika zako za kwanza humo humo. Fyuzi ikakatika, ndiyo kazi yake. Wewe, bingwa wa njia za mkato, ukafunga kipande cha chuma mahali pake. Muziki ukarudi, ukafurahi. Ukampeleka mama kliniki huku spika zinanguruma, waya ukaungua, zulia likashika moto chini ya miguu yake, na yeye ana mpira wa hewa puani! Wapita njia ndio waliomtoa.

Kisha ukasimama mbele ya wajomba ukasema mdogo wako ndiye aliyeunguza gari kwa kazi mbovu. Nilikuwa nimekaa pale pale. Sikujibu neno, nawe ukaona ukimya wangu ni hatia. Tangu hapo wateja wanapita mlangoni kwangu kama hawanijui. Una uso mkavu, kaka. Nakuchukia kwa hilo, na sioni haya kuliandika.

Sasa sikia. Chuma chako nilikikuta mimi nilipofungua gari baada ya moto, lakini mama alikiona kabla yangu. Alikuwa kwenye kiti chake siku ulipokifunga. Ulimwambia atulie, unarekebisha kitu kidogo tu. Kabla ya kikao cha wajomba alinishika mkono akaniomba ninyamaze, kwa kuwa wakijua watakunyang'anya gari, na gari ndilo linalokulisha. Alisema mimi nina mgongo wa kubeba, wewe huna. Akaniapisha.

Leo nimekivunja kiapo, kwa sababu ameanza kukosa kliniki na pumzi zake zinazidi kuwa fupi. Kwako anasema amechoka, mara kiti kinamuumiza. Si kweli. Anakuogopa wewe, mwanawe wa kwanza, na anaona haya kukwambia. Kuanzia sasa nampeleka mimi, kwa gari la gereji. Na umeme wako tafuta fundi mwingine.

Ukija kumwona, njoo kwa miguu. Akisikia gari lako getini, anaushika mpira wake wa hewa kwa mikono miwili.

Wifi msalimie sana. Watoto waambie shangazi yao anawapenda, wao hawana kosa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi umeme